Wiki mbili madarakani: Mwanamfalme Rwagasore na hazina ya nchi changa

Kila tarehe 13 Oktoba, Burundi humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 29. Alikuwa ameongoza serikali kwa takriban wiki mbili tu. Wengi wanamjua kama shujaa wa uhuru, na picha yake imekuwa kwenye noti ya faranga 100. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina lake lilianza kuvuma kwa jambo la hesabu kabla ya jambo la bendera: mkulima na mchuuzi wapate wapi mtaji, mazao yauzwe kwa bei gani, na anayelipa kodi apate huduma gani.

Kwa wasemaji wa Kiswahili walioko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kupitia Muhuta na Rumonge hadi Nyanza-Lac, maisha ya Rwagasore yana uzito wa pekee. Wafanyabiashara wa Kiislamu waliozungumza Kiswahili walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumwamini, wakati ambapo watawala wa Kibelgiji waliwaona kuwa wageni wasio na asili katika nchi.

Mtoto wa Mwami

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyerithi kiti cha ufalme mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, na mama yake ni Thérèse Kanyonga. Wakati huo Burundi ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi, nchi mbili zilizokabidhiwa Ubelgiji baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makao makuu ya utawala yalikuwa Usumbura, mji ambao leo unaitwa Bujumbura.

Alisoma katika shule za wamisionari, kisha akaingia Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao sasa ni Huye nchini Rwanda. Shule hiyo ilikuwa ya watoto wa wakubwa. Ndimo walimoandaliwa machifu, makarani na wasaidizi wa waganga ambao utawala uliwahitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Ubelgiji kusoma katika chuo cha Antwerp kilichofundisha masuala ya uongozi wa makoloni. Alirejea nyumbani katikati ya muongo huo, kijana mrefu wa kimo, mwenye ukoo mkubwa, elimu ya Ulaya na haraka ya kutenda.

Njia rahisi ilikuwa mbele yake. Angeweza kushika uchifu, kupokea heshima za ukoo wake na kusubiri. Kwa muda alipewa kweli uchifu wa Butanyerera, upande wa kaskazini. Lakini moyo wake ulikuwa Usumbura, kwenye masoko na mitaa ya Waafrika.

Kodi iliyokwenda, huduma iliyochelewa

Ili kuelewa alichokitafuta, ni lazima kutazama namna nchi ilivyoendeshwa. Mwanamume mzima alilipa kodi ya kichwa kila mwaka, awe na mavuno au asiwe nayo. Kahawa ilikuwa zao kuu la kuleta fedha, na utawala ulilazimisha familia za vilimani kuipanda. Juu ya hayo kulikuwa na kazi za lazima: kuchimba barabara, kupanda miti, kulima mihogo ya akiba dhidi ya njaa. Maelfu ya Warundi walivuka mipaka kwenda Buganda na Tanganyika kutafuta vibarua, wengi wao ili wapate fedha ya kulipia kodi hiyo.

Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, nyingi za Kikatoliki. Mzazi Mwislamu wa Buyenzi au Rumonge aliyetaka mwanawe asome alikutana na mlango ambao ulikuwa na masharti. Biashara kubwa ilikuwa ya Wazungu, Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mwafrika aliuza kwa kipimo kidogo, akinunua bidhaa kwa bei aliyopangiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ubelgiji ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kuendeleza Ruanda-Urundi, uliohusu barabara, hospitali, shule na kilimo. Kazi ilifanyika, na baadhi ya majengo ya enzi hizo bado yamesimama. Hata hivyo, mpango uliandikwa bila mlipa kodi kuulizwa ni kipi kitangulie. Nchi pia haikujitosheleza. Bajeti yake ilitegemea ruzuku kutoka Brussels, na mapato ya ndani yaliinuka na kushuka pamoja na bei ya kahawa kwenye soko la dunia.

Ushirika wa wafanyabiashara

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha vyama vya ushirika, kikiwemo kile cha wafanyabiashara wa Burundi. Hoja yake ilieleweka hata na asiyejua kusoma. Wachuuzi wakinunua bidhaa kwa pamoja watapata bei nafuu. Wakulima wakiuza kwa pamoja hawatapunjwa. Na faida ikibaki nchini, itazaa mtaji wa kesho.

Waliomjia kwa wingi walikuwa Waswahili wa Buyenzi na mitaa jirani ya Usumbura. Walijua biashara ya ziwa, walikuwa na ndugu Kigoma, Ujiji na Uvira, na walikuwa wamechoka kuitwa watu wa kupita. Kwao, mtoto wa Mwami kukaa barazani pamoja nao na kujadili bei ya vitenge, chumvi na samaki lilikuwa jambo lisilo na mfano. Kiswahili, lugha ya soko na bandari, kikawa mojawapo ya lugha za siasa mpya.

Ushirika huo haukudumu kama ulivyokusudiwa. Mtaji ulikuwa mdogo, wasimamizi wenye ujuzi wa hesabu walikuwa wachache, na madeni yakaongezeka. Utawala wa Kibelgiji, ambao tangu awali ulimtazama mwanamfalme kwa shaka, ulipata sababu ya kukaza usimamizi wake. Ilikuwa funzo chungu: nia njema bila daftari lililonyooka haifiki mbali. Lakini mtandao wa watu aliokutana nao katika ushirika haukuvunjika, na ndio uliokuja kuwa uti wa mgongo wa chama.

Chama, mgomo na kizuizi

Chama hicho ni UPRONA, ambacho Rwagasore alikijenga pamoja na watu kama Paul Mirerekano, mtaalamu wa kilimo. Kilidai uhuru wa haraka, ufalme wenye kufuata katiba na umoja wa Warundi wote. Katika safu zake walikuwamo Wahutu, Watutsi, watu wa ukoo wa kifalme wa Waganwa na Waswahili. Mwaka 1959, wakati nchi jirani ya Rwanda ilipoanza kuungua kwa chuki za kikabila, msimamo huo ulikuwa na maana kubwa kuliko maneno ya kawaida ya siasa. Mwaka huohuo Rwagasore alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke wa Kihutu. Walijaaliwa mabinti wawili, ambao wote walifariki wakiwa wachanga.

Nje ya nchi alijenga urafiki wa kisiasa na Julius Nyerere wa Tanganyika na Patrice Lumumba wa Kongo. Uhusiano huo uliwatia Wabelgiji wasiwasi zaidi. Walipendelea chama cha PDC, kilichoongozwa na Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, watoto wa chifu Baranyanka, kutoka tawi la Waganwa lililoshindana kwa muda mrefu na tawi la Mwami.

Mwaka 1960 utawala ulipitisha kanuni iliyowazuia ndugu wa karibu wa Mwami kushika nafasi za kisiasa. Rwagasore akabaki mshauri wa chama alichokiasisi. Alijibu kwa kuwataka wananchi wasusie maduka ya Wazungu na wakatae kulipa kodi. Silaha hiyo iligonga pale serikali ya kikoloni ilipoumia, kwenye hazina. Mwezi Oktoba mwaka huo aliwekwa kizuizini Bururi, kwenye milima iliyo juu ya mwambao wa Rumonge, na hakuachiwa hadi Desemba, wakati uchaguzi wa tarafa ulikuwa umekwisha. PDC ilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, na Januari 1961 ikaundwa serikali ya mpito chini ya Joseph Cimpaye.

Umoja wa Mataifa, uliokuwa msimamizi wa udhamini, haukuridhika. Azimio la Baraza Kuu la Aprili 1961 liliweka msingi wa uchaguzi mpya wa wabunge, chini ya macho ya waangalizi wake, na kizuizi dhidi ya Rwagasore kikaondolewa.

Ushindi na mzigo wake

Tarehe 18 Septemba 1961 Warundi walipiga kura. UPRONA ilipata takriban asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64. Katika hotuba yake baada ya matokeo, Rwagasore aliwataka wafuasi wasilipize kisasi kwa walioshindwa, akaeleza kwamba ushindi ni wa amani na utulivu, na akawaalika wananchi waihukumu serikali yake kwa matendo. Mwishoni mwa mwezi huo akawa Waziri Mkuu. Katika baraza lake walikuwamo Pierre Ngendandumwe, msomi wa Kihutu, na André Muhirwa, Mganwa aliyemwoa binti wa Mwami.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mtu aliyewahi kuwaambia watu wakatae kodi sasa alipaswa kuwaomba walipe. Tofauti aliyopaswa kuionyesha ilikuwa moja: fedha ile ile, ikitoka mfukoni mwa mtu yule yule, irudi kwake ikiwa shule, zahanati, barabara au maji safi. Asiyeiona tofauti hiyo angekuwa na haki ya kuuliza uhuru umemletea nini.

Hali ya hazina haikumpa nafasi kubwa. Nchi ilikuwa na zaidi ya watu milioni mbili, karibu wote wakiishi kwa jembe. Kahawa ilibeba sehemu kubwa ya mapato ya nje. Forodha na sarafu zilikuwa za pamoja na Rwanda, kupitia benki iliyoundwa mwaka 1960 baada ya Kongo kujitenga. Gavana Jean-Paul Harroy na maofisa wake walikuwa bado Usumbura, na mikoba ya usalama na fedha haikuwa imekabidhiwa yote. Ubelgiji ikipunguza ruzuku, mishahara ya walimu na wauguzi ingeyumba ndani ya miezi michache.

Serikali yoyote changa hukutana na fumbo hili. Kwanza kuna matumizi yasiyosubiri: mishahara, madeni, dawa, ulinzi. Kinachobaki baada ya hapo huwa kidogo, na ndicho kinachogombewa na ahadi zote za kampeni. Kujenga shule kilimani ni kazi ya miezi, lakini kumlipa mwalimu ni kazi ya kila mwezi kwa miaka yote. Hospitali ya mji mkuu huonekana na wageni, ilhali zahanati ya mwambao huonekana na mama mjamzito usiku wa manane. Bajeti ndiyo mahali ambapo kiongozi hulazimika kusema nani atangulie na nani angoje, tena kwa tarakimu.

Rwagasore hakupata muda wa kuandika bajeti hata moja. Lililobaki ni mwelekeo unaosomeka katika maisha yake: mtaji kwa mzalishaji mdogo, umoja bila upendeleo wa kabila, na serikali inayokubali kuhukumiwa kwa kazi yake.

Usiku kando ya ziwa

Jioni ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1961, Waziri Mkuu alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa mjini Usumbura. Risasi ilifyatuliwa kutoka gizani, naye akafa. Aliyefyatua alikuwa Jean Kageorgis, raia wa Ugiriki. Uchunguzi uliwafikia viongozi wa PDC, wakiwemo ndugu wawili Ntidendereza na Biroli. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Ntidendereza, Biroli na wenzao watatu walinyongwa hadharani Gitega Januari 1963, baada ya kesi kurudiwa chini ya serikali huru. Suala la kiasi gani maofisa wa Kibelgiji walihusika limeendelea kuzua madai na mjadala hadi leo.

Rwagasore alizikwa Vugizo, kwenye mteremko unaoutazama mji na ziwa. Watu walishuka kutoka vilimani kuja kumzika, na katika mitaa ya Waswahili msiba ulikuwa wa nyumba kwa nyumba.

Kilichokatika pamoja naye

Muhirwa alishika nafasi ya uwaziri mkuu, na Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Lakini chama kilikuwa kimepoteza mtu aliyekishikanisha. Januari 1962 mtaa wa Kamenge mjini Usumbura ulishuhudia mauaji ya kisiasa yaliyofanywa na vijana wa chama. Muhirwa na Mirerekano wakagombania urithi wa uongozi, na kila upande ukaanza kuhesabu watu kwa kabila. Ngendandumwe, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, aliuawa Januari 1965. Mirerekano aliuawa mwaka huohuo. Novemba 1966 jeshi liliufuta ufalme.

Mwambao ulilipa gharama kubwa. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, ambako Watutsi wengi waliuawa. Kisha yakafuata mauaji ya Wahutu nchi nzima, yaliyofanywa na utawala wa kijeshi na kuangamiza watu kwa makumi ya maelfu. Familia nyingi za mwambao zilivuka ziwa kwenda Tanzania na Kongo. Waliporudi baada ya miongo kadhaa, wengi walikuta michikichi yao ikivunwa na wengine, na migogoro ya ardhi ya Rumonge imekuwa miongoni mwa mizito zaidi nchini.

Mtu akisoma historia hiyo kwa jicho la bajeti, anaona hasara ya aina nyingine. Fedha za nchi maskini ziliingia katika jeshi na ulinzi wa madaraka. Walimu waliouawa mwaka 1972 hawakurudishwa kwa fungu lolote la fedha. Huduma za umma hujengwa na watu kwanza, na watu hao wakipotea, majengo hubaki kuta.

Swali linaloendelea kuulizwa

Suala la vipaumbele lilirudi kwa nguvu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993. Serikali iliyochaguliwa mwaka 2005 ilifuta ada za shule za msingi, na Mei 2006 ikatangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Watoto walifurika madarasani na wagonjwa wakafurika hospitalini. Furaha ilikuwa ya kweli, na upungufu pia ulikuwa wa kweli: madawati, walimu, vitanda na dawa havikuongezeka kwa kasi ya watu. Kutangaza huduma ni hatua ya kwanza. Kuitengea fungu la kila mwaka ndiyo hatua inayoifanya iishi.

Muhuta inalionyesha jambo hili waziwazi. Tarafa hiyo imebanwa kati ya milima yenye mteremko mkali na maji ya ziwa, na barabara kuu ya kusini, inayounganisha Bujumbura na Rumonge, hupita kwenye ukanda huo mwembamba. Machi 2015 maporomoko ya udongo huko Gitaza yaliua watu, yakafukia nyumba na kuikata barabara hiyo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika makazi ya mwambao, Rumonge ikiwemo. Barabara ikikatika, ndagala na mukeke huoza kabla ya kufika sokoni, mawese hukosa mnunuzi, na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mji hukwama njiani. Kwa wakazi wa hapo, mifereji ya kuzuia mmomonyoko, miti ya vilimani na ukarabati wa barabara ni bajeti ya afya, ya biashara na ya uhai kwa wakati mmoja.

Hospitali, barabara na shule kadhaa nchini zina jina la Rwagasore, na kila serikali iliyopita imejinasibisha naye. Yeye mwenyewe aliacha kipimo kilicho rahisi kukitaja na kigumu kukitimiza: mtawala apimwe kwa kile ambacho mlipa kodi anakiona mlangoni pake. Wafanyabiashara wa Buyenzi na Rumonge waliochanga mtaji wao katika ushirika wa mwaka 1957 walikielewa kipimo hicho kabla nchi haijawa na bendera yake. Wajukuu wao wanaosukuma mitumbwi alfajiri kutoka fukwe za Muhuta bado wanakitumia.